Jina moja, tovuti moja: jibu kwa mkamuaji wa alizeti wa Kizota

Swali

Kaka, habari za kazi. Mimi na mume wangu tunakamua alizeti hapa Kizota, Dodoma, na msimu ukifika tunanunua pia karanga na choroko. Tovuti yetu inaishia na .co.tz, ina miaka mitatu, na ni ya Kiswahili tu. Sasa wateja wa nje wameongezeka: Burundi, Rwanda, Bukavu na Lubumbashi, na Wakenya wanachukua mashudu. Fundi anasema tununue majina matano ya tovuti, moja kwa kila nchi, tujenge tovuti tano, kila moja na bendera yake, halafu tuweke kitufe cha kutafsiri chenyewe. Mume wangu anaona gharama itatuumiza. Mimi naogopa tusije tukaachwa nyuma. Tufanyeje?

Jibu

Njema, dada, na poleni na msimu.

Jina moja, tovuti moja, lugha mbili za kuanzia, na kitufe cha kutafsiri msikiweke. Hilo ndilo jibu langu. Naeleza sababu kwa urefu, maana fundi wenu atauliza, na ni haki yake kuuliza.

Ushauri mliopewa umechukua nchi na lugha kuwa kitu kimoja. Ziangalie nchi zenu wenyewe. Mteja wa Bujumbura na mteja wa Bukavu watasoma ukurasa uleule wa Kifaransa. Mkenya anayetaka mashudu atasoma ule wa Kiingereza, na kesho akija Mzambia atasoma huohuo. Rwanda ina lugha rasmi nne: Kinyarwanda, Kiingereza, Kifaransa na, tangu 2017, Kiswahili. Mtu akibonyeza bendera ya Rwanda, mtamfungulia ipi kati ya hizo nne? Bendera haijibu swali hilo. Ndiyo maana kwenye sehemu ya kuchagua lugha huandikwa jina la lugha kwa lugha yenyewe: Kiswahili, Français, English. Mwenye lugha yake ataiona mara moja.

Kinachobadilika toka nchi hadi nchi ni mambo mengine: mpaka, sarafu, nyaraka, siku za safari, namna ya kulipa. Maelezo ya mafuta yenyewe hayabadiliki eti kwa sababu lori limevuka mpaka wa Rusumo.

Kwenye Kongo nitasimama kidogo, kwa sababu ndiko ninakoona wafanyabiashara wetu wengi wakijikwaa. Tunasikia Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi anatuma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, tena kitamu, pesa anaita franga, na tunaelewana hadi bei ya mwisho. Tunajiambia basi, Kiswahili kinatosha. Ni kweli kwamba Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Kongo, pamoja na Lingala, Kikongo na Tshiluba. Lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na karatasi huenda kwa Kifaransa. Yule anayeongea nawe Kiswahili kwenye simu atahitaji kumwonyesha mbia wake, benki yake na wakala wake wa forodha maelezo ya bidhaa, na hayo anayataka kwa Kifaransa. Kwake ukurasa wenu ni kama karatasi ya kubeba mkononi. Mazungumzo yatabaki kwa Kiswahili.

Sasa nikuambie ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii. Ukurasa wa lugha fulani ni ahadi. Ukimwandikia mtu kwa Kifaransa, umemwambia: piga, tutakupokea kwa Kifaransa. Miaka ya nyuma nilimjengea mteja mmoja wa hapa mjini kurasa za lugha sita, kwa sababu aliomba sita na mimi sikumuuliza hata siku moja nani atajibu. Ujumbe wa Kifaransa ulianza kuingia mwezi wa pili. Ulikaa wiki tatu bila kusomwa, na aliyeutuma akanunua kwingine. Kosa lile nalihesabu kuwa langu, na tangu siku ile swali langu la kwanza kwa kila mteja ni: lugha hii nani ataipokea simu yake?

Kwa hiyo kabla ya chochote, kaeni jioni moja, wewe na mzee, mfungue WhatsApp ya biashara na mrudi nyuma miezi mitatu. Andikeni pembeni kila mteja wa nje: ametoka wapi, ameandika kwa lugha gani, ameuliza nini, amenunua au hajanunua. Kazi hiyo haina gharama, na itawaambia mengi kuliko mimi au fundi. Mkikuta Kifaransa kinatawala, anzeni na Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza kifuate kwa ajili ya mashudu ya Kenya. Kinyarwanda na Kirundi viachwe mpaka muwe na mtu wa kuvijibu. Na siku hiyo ikifika, msichukue ukurasa wa Kinyarwanda mkaubandika Burundi kwa kuwa lugha hizi mbili zinasikilizana. Mwenyeji atajua kwenye mstari wa kwanza kuwa hakuandikiwa yeye.

Kuhusu jina. Zipo njia tatu za kupanga tovuti ya nchi nyingi. Ya kwanza ni hiyo ya fundi, jina la kila nchi: .rw, .bi, .cd, .co.ke. Ya pili ni kuweka herufi za lugha mbele ya jina lenu, yaani fr.jinalenu.com. Ya tatu ni folda ndani ya tovuti moja: jinalenu.com/sw/ na jinalenu.com/fr/. Njia ya kwanza ina nguvu yake, sitaificha. Google huichukua .rw kuwa alama wazi kwamba tovuti ni ya Rwanda, na mnunuzi wa Kigali huona jina la kwao. Lakini kila jina ni tovuti inayojitegemea: inalipiwa peke yake, inalindwa peke yake, na sifa iliyojenga moja haihamii kwa nyingine. Kampuni yenye ofisi Kigali na watu wake huko inaweza kubeba mzigo huo. Ninyi mna ofisi moja Kizota. Nguvu mliyonayo iwekeni mahali pamoja, kwenye folda.

Je, mbaki na .co.tz? Hapa nimefikiri sana. Jina la .tz linaiambia Google kwamba tovuti inalenga Tanzania, na hilo linawasaidia Dodoma na Dar es Salaam lakini haliwabebi Bujumbura. Kwa biashara inayotaka nchi kadhaa, jina lisilo la nchi linafaa zaidi, kama .com. Hata .africa, iliyofunguliwa kwa umma 2017, si jina la nchi moja. Ningechukua .com, nikahamishia kila kitu huko, na ile .co.tz nikaendelea kuilipia ikiwa inampeleka mtu moja kwa moja kwenye ukurasa mpya. Mwambie fundi uhamisho uwe wa kudumu, ule wa namba 301, na kila ukurasa wa zamani uelekee ukurasa wake mpya. Asielekeze zote kwenye ukurasa wa mbele, la sivyo sifa ya miaka mitatu itapotea njiani. Kama jina lenu la .com limeshachukuliwa na mtu mwingine, msihangaike kulinunua kwa bei ya kukomoa. Bakini na .co.tz na mtumie folda vilevile. Wanunuzi wenu wengi watafika kwa linki mliyowatumia WhatsApp, na Mkongo kujua mafuta yanatoka Tanzania si hasara.

Kitufe cha kutafsiri nakikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiufundi: kitufe cha namna hiyo hubadilisha maneno kwenye kioo cha msomaji tu, anwani ya ukurasa inabaki ileile, hivyo Google haioni ukurasa wa Kifaransa popote. Mtu wa Bujumbura akitafuta “huile de tournesol” hawezi kuwapata. Sababu ya pili ni maneno yenyewe. “Mafuta” kwa Kiswahili ni ya kupikia, ni ya gari, na ni ya kupaka mwilini, na mashine itachagua inavyoona. “Mashudu” kwa Kifaransa cha biashara ni “tourteau de tournesol”, na mfugaji wa kule analitafuta kwa jina hilo hasa. “Dumu” la lita 20 wao ni “bidon”.

Hata ndani ya Kiswahili chetu kuna mtego, na ninyi mmeukanyaga tayari kwa kuuza choroko. Mkenya akisema ndengu anamaanisha choroko. Huku kwetu dengu ni kitu kingine kabisa, zile punje kubwa za mviringo wenye ncha. Fikiria mtu wa Nairobi ameagiza ndengu, ninyi mkamwandalia dengu, lori likaondoka. Sitawashauri mjenge ukurasa wa Kiswahili cha Kenya na mwingine cha Tanzania kwa ajili ya neno moja. Andikeni majina yote mawili kwenye ukurasa uleule, mweke picha ya karibu ya punje mkononi, na chini yake jina la kisayansi la choroko, Vigna radiata. Jina hilo halibadiliki mpakani.

Sasa sehemu ya fundi. Kila ukurasa ukishakuwa na ndugu yake wa lugha nyingine, Google inahitaji kuambiwa kwamba hawa ni ndugu, kwa lebo iitwayo hreflang, inayoandikwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Google iliileta mwishoni mwa 2011, na hadi leo ndiyo lebo ninayoikuta imekosewa kuliko zote. Ukurasa wa Kiswahili unautaja wa Kifaransa, na wa Kifaransa lazima uutaje wa Kiswahili. Mmoja akinyamaza, Google huweza kupuuza wote wawili. Kila ukurasa hujitaja na wenyewe pia. Anwani ziandikwe kamili, kuanzia https. Kuna nyingine iitwayo x-default, ya kumwonyesha asiye na lugha yoyote kati ya zenu pa kuanzia. Mwelekezeni kwenye ukurasa wa kuchagua lugha au wa Kiingereza.

Herufi za lugha zinazoandikwa kwenye lebo hiyo ndizo hatari. Kinachotangulia ni herufi za lugha, na za nchi zikihitajika hufuata baada ya kistari. Kiswahili ni sw. Ukiandika tz peke yake hujasema kitu, kwa kuwa hakuna lugha yenye herufi hizo. Rw peke yake ni Kinyarwanda, haimaanishi nchi ya Rwanda. Bi ni mbaya zaidi: kama nchi ni Burundi, lakini kama lugha ni Kibislama cha visiwa vya Vanuatu, kule Pasifiki. Kirundi ni rn. Ug kama lugha ni Kiuyghur cha China. Na Kongo ya Kinshasa ni CD, maana CG ni ya Brazzaville. Kwa mpango wenu hamhitaji hata herufi za nchi: sw, fr, en zinatosha. Muulize fundi pia kuhusu lebo ya kanonikali. Kila ukurasa ujitaje wenyewe kuwa ndio asili. Nimeona tovuti ambazo kurasa zote za Kifaransa zimesema asili yao ni za Kiswahili, na kwa hiyo Google ikaziacha.

Fundi akikuambia ataweka nchi mnazolenga kwenye mipangilio ya Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti, jua anasoma maelekezo ya zamani. Sehemu hiyo iliondolewa 2022. Na asiwaelekeze wageni kwa nguvu kulingana na mahali walipo. Mtanzania aliyeko Kigali kikazi hataki kusukumiwa Kifaransa, na roboti ya Google, ambayo mara nyingi husoma tovuti ikitokea Marekani, inaweza isione kabisa kurasa zenu nyingine. Mpe mtu pendekezo juu ya ukurasa, achague mwenyewe. Na akibadili lugha akiwa kwenye ukurasa wa mashudu, afike kwenye mashudu, asirudishwe mwanzo.

Saa na tarakimu zimewaponza wengi. Ubao wenu unasema mnafungua saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Ukiutafsiri neno kwa neno, Kifaransa kitasema mnafungua saa 8 za usiku. Panatakiwa kuandikwa “8h à 17h”. Bado si mwisho: Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwa mtu wa Bujumbura ofisi yenu inafunguliwa saa 7 kwa saa ya Kifaransa na kufungwa 16. Andikeni wazi ni saa za Tanzania, na pembeni mweke saa za kwao. Upande wa tarakimu, Kifaransa hutumia mkato pale sisi tunapotumia nukta. Sisi tukiandika lita 1,500 tunasema elfu moja na mia tano. Msomaji wa Kifaransa anaweza kuona lita moja na nusu. Kule huandikwa 1 500, kwa nafasi katikati. Simu zote zianze na +255, ile sifuri ya mbele iondoke.

Bei ni suala la sheria pia. Kwa kanuni za 2025, bidhaa na huduma ndani ya Tanzania bei yake itajwe kwa shilingi, hivyo ukurasa wa soko la ndani uwe wa shilingi tu. Kwa wateja wa nje sishauri mbandike bei. Alizeti inapanda na kushuka, na bei ya zamani iliyosahaulika kwenye ukurasa wa Kifaransa ni ugomvi unaosubiri siku yake. Wekeni kitufe cha kuomba profoma, yaani hati ya bei inayotangulia mauzo, mtume bei yenye tarehe ya mwisho.

Nilisema kuna mambo yanayobadilika toka nchi hadi nchi. Hayo myaandikie kurasa za nchi. Hizi ndizo ninazotamani mziandike kwa moyo, kwa sababu hakuna mashine wala mshindani wa mbali anayeweza kuwaandikia. Ukurasa mmoja mfupi kwa kila nchi. Wa Rwanda useme lori linapita Singida, Nzega na Kahama hadi Rusumo. Wa Burundi useme linaingilia Kabanga na Kobero. Wa Lubumbashi useme linashuka Iringa na Mbeya, linavuka Tunduma, linapita Zambia hadi Kasumbalesa. Wa Kenya useme Kondoa, Babati, Arusha, Namanga. Kila mmoja useme siku mnazotumia kwa kawaida kwa uzoefu wenu wenyewe, kiwango cha chini mnachopakia, nani analipia nini mpakani, cheti cha uasili wa bidhaa kinatoka upande gani, na malipo yanapokelewaje. Mteja wa Kigali amezoea MTN MoMo, wa Bujumbura Lumicash, wa Bukavu ana Airtel Money au Orange Money, lakini kwa mzigo wa tani wengi mtalipana benki. Andikeni mnachopokea kweli, si mnachotamani kupokea. Ukurasa wa Lubumbashi uandikwe Kifaransa kwanza na Kiswahili baadaye. Wa Kenya uanze na Kiingereza. Hapo ndipo nchi na lugha zinapokutana, na zinakutana kwa sababu.

Nani atafsiri? Mashine mnaweza kuitumia kwa rasimu, sikatai. Kisha mtafute mtu. Dodoma tuna Chuo Kikuu na wapo vijana wanaosoma Kifaransa pale. Mlipeni mmoja kwa heshima, mkae naye kiwandani aone mashine ya kukamua, aguse mashudu, aulize. Akimaliza, mtumieni mteja wenu mmoja wa Bukavu au Bujumbura asome kabla haijapanda, na mpunguzieni kitu kwenye mzigo unaofuata. Kurasa zisizidi kumi mwanzoni. Kumi zilizosomwa na watu wawili zitawafaa kuliko mia zilizotoka kwenye kitufe. Picha zipunguzwe uzito, maana anayefungua yuko njiani na bando lake ni la kuhesabu.

Fomu ya kuomba profoma inakusanya majina na simu za watu. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ulizeni mapema, na kwenye fomu msiulize msichokihitaji. Jina, simu, mji, bidhaa na kiasi vinatosha.

La mwisho ni la leo hii, kabla hamjamlipa fundi chochote. Mwombe akuonyeshe .co.tz yenu imesajiliwa kwa jina la nani na barua pepe ya nani. Kama ni ya kwake, ihamishwe kwenda kwa kampuni yenu sasa, kwa upole na kwa maandishi, na .com isajiliwe kwa kampuni tangu dakika ya kwanza. Nywila mtunze ninyi wawili. Mkishahakikisha hilo, nitumie ile hesabu ya miezi mitatu ya WhatsApp, nami nitakaa na fundi wenu tupange folda pamoja.